Riwaya ipi umpe kijana aliyefiwa? Sita nilizoazimisha Bukavu, mbili mbili

Kaka yangu tulimzika mwezi wa nne. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na waliobeba jeneza walikuwa wanateleza kwenye udongo mwekundu. Wiki tatu baada ya matanga, binti yake mkubwa, mwenye miaka 16, alipanda hadi kwangu Nyawera, akasimama mbele ya rafu ya vitabu, akasema: "Shangazi, unipatie kitabu yenye iko na batoto kama miye. Lakini isikuwe ya kunidanganya."

Nikampa Johnny chien méchant ya Emmanuel Dongala, kwa sababu moja tu: Laokolé, msichana aliye katikati ya hadithi, naye ana miaka 16 na ndoto zake zote ziko kwenye masomo. Siku mbili baadaye kitabu kilirudi. Alikuwa ameishia ukurasa wa thelathini na kitu. Hakulalamika. Alikiweka mezani, akauliza kama kuna chai.

Nimefundisha Kifaransa sekondari miaka mingi, na kuazimisha vitabu si kazi ngeni kwangu, lakini siku ile iliniumiza. Na si yeye peke yake anayeuliza. Tangu Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Congo, ulipotekwa Februari 2025, wanafunzi wanaobisha hodi kwangu wameongezeka, na karibu kila mmoja amepoteza mtu, au nyumba, au mwaka wa shule. Nimejaribu nao riwaya nyingi. Sasa nikitaka kuchagua sianzii kwenye umri wa mhusika, wala kwenye aina ya msiba wake. Nauliza mambo mawili: mahali pa hadithi panamwachia msomaji nafasi ya kupumua kiasi gani, na kifo kinamfikia ukurasa wa ngapi? Aliyefiwa juzi anahitaji kwanza kuzunguka uani, aone miembe, asikie mvua ya nchi ya watu, azoee majina, kabla hajaambiwa nani hatarudi. Aliyekaa na msiba wake miaka mitatu anaweza kupitia mlango wowote.

Ndiyo maana hapa natafuta riwaya zenye hewa. Nasema hewa kwa maana ya kawaida kabisa: unafunga kitabu usiku na bado unasikia baridi ya pale, harufu ya pale, sauti ya pale.

Petit Pays na Notre-Dame du Nil

Hizi mbili ndizo ninazoulizwa zaidi, kwa sababu zote zinasimulia majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, na kwa sababu kila moja ilipata tuzo kubwa. Petit Pays ya Gaël Faye ilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo ikapewa Goncourt des lycéens, tuzo inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Hilo huwa nawaambia wanafunzi wangu mapema: kitabu hiki kilichaguliwa na vijana wa umri wenu. Notre-Dame du Nil ya Scholastique Mukasonga ilipata Renaudot, tuzo nyingine ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 2012.

Katika Petit Pays, Gaby ana miaka kumi, anaishi Bujumbura kwenye kichochoro cha Kinanira na baba yake Mfaransa, mama yake Mnyarwanda aliyekimbilia Burundi, na dada yake mdogo Ana. Karibu nusu ya kitabu ni maisha tu. Vijana wa kichochoro wanaiba maembe kwenye bustani ya jirani yao, mama wa Kigiriki, kisha wanakwenda kumuuzia maembe yake mwenyewe. Makao yao makuu ni gari bovu la Volkswagen lililoachwa kiwanjani. Joto, vumbi, ziwa Tanganyika, mvua inayokuja ghafla. Msomaji wa Bukavu atashtuka mapema zaidi kuliko wengine, maana siku ya mwisho ambayo familia ile ilikuwa na furaha wote wanne pamoja ilikuwa hapa kwetu, siku ya Saint-Nicolas, kwenye baraza pana ya Mbelgiji mzee anayeitwa Jacques. Mpwa wangu alipofika hapo alinipigia simu. Alitaka kujua ile nyumba iko avenyu gani. Nilimwambia hakuna anayejua, lakini Jumapili ile tulitembea hadi Muhumba, tukaangalia nyumba za zamani zinazotazama ziwa, na hapo ndipo alipozungumza habari za baba yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kuna kipande kimoja kinachonifanya nikipende kitabu hiki zaidi ya yote, nacho si cha vita. Baiskeli mpya ya Gaby inaibwa na kuuzwa. Watu wa nyumbani kwao wanaifuatilia hadi kijijini, wanamkuta mtoto maskini ambaye wazazi wake waliinunua kwa akiba yao yote bila kujua ni ya wizi. Wanaichukua na kurudi mjini. Gaby ana haki, baiskeli ni yake, na bado furaha haipo tena. Mtoto anayesoma hapo anajifunza kuona uchungu wa mtu mwingine kabla uchungu wake mwenyewe haujafika. Faye hapigi kelele. Anaiacha aibu ile ikae kifuani mwa mtoto.

Kisha inakuja Oktoba 1993, Rais Ndadaye anauawa miezi michache tu baada ya uchaguzi, na Aprili 1994 Rwanda inaanguka. Mama yake Gaby anakwenda kutafuta ndugu zake na anarudi akiwa si mama yule. Tahadhari yangu iko hapa. Usiku anamsimulia Ana, mtoto mdogo, madoa aliyokuwa anayasugua sakafuni na ambayo hayakutoka. Ni kurasa chache, lakini usimwachie kijana azisome peke yake wiki ambayo nyumbani hali si nzuri. Mimi humwambia msomaji: ukifika mama anaporudi kutoka Rwanda, nipigie, au njoo usomee kwangu.

Notre-Dame du Nil ina hewa nyingine kabisa. Ni shule ya bweni ya wasichana juu milimani Rwanda, karibu mita 2,500. Bukavu yetu, ambayo watu wa Uvira wanatuambia tunaishi kwenye baridi, iko kama mita 1,500 tu. Ongeza kilomita nzima ya mlima, halafu fikiria ukungu, mvua isiyokoma, sanamu ya Bikira iliyopakwa rangi nyeusi kwenye chemchemi ya Nile, na mabinti wa mawaziri na maofisa wa jeshi wanaoletwa kwa magari. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna kiwango cha idadi kilichowekwa kwa wanafunzi Watutsi, na Veronica na Virginia wako pale kwa kiwango hicho. Wasichana wakirudi kutoka likizo wanaficha chakula cha nyumbani na kukila pamoja bwenini usiku, na kurasa zile zina harufu ya ndizi na maharagwe kiasi kwamba wanafunzi wangu waliolala bweni wanacheka kwa kujitambua.

Tofauti kubwa ni hii. Katika Petit Pays hatari inatoka mbali na kusogea, kama moshi unaouona ng'ambo ya bonde. Katika Notre-Dame du Nil hatari inalala kitanda cha pili. Gloriosa, binti wa mkubwa, hapendi pua ya sanamu kwa sababu anaiona ni pua ya Kitutsi, na uongo mmoja anaousema kwa ajili ya pua hiyo unazaa mambo mazito. Huko hakuna baba anayekufa ghafla. Kinachopotea ni haki ya kusoma, na rafiki uliyekuwa ukigawana naye chakula. Mukasonga aliyajua hayo mwenyewe: mwaka 1973 Watutsi walipofukuzwa mashuleni, alikimbilia Burundi akiwa mwanafunzi, na mwaka 1994 ndugu zake wengi waliuawa.

Kwa hiyo siku hizi namwangalia kijana mwenyewe. Mwenye huzuni namwekea Faye mkononi. Mwenye hasira namwekea Mukasonga, hasa msichana aliyesalitiwa na rafiki, au aliyeambiwa shuleni kwamba hapa si kwao kwa sababu ya jina lake au kabila lake. Mwaka huu peke yake nimewakuta watatu wa namna hiyo.

Kwa upande wa lugha, Kifaransa cha Faye ni chepesi, kina mdundo, si ajabu maana ni mwanamuziki. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu sekondari anakimaliza kwa wiki moja. Cha Mukasonga hakina ugumu, ila majina ya wasichana ni mengi na kurasa hamsini za kwanza wasomaji wengi wanapotea. Nimebandika karatasi ndani ya jalada la nakala yangu yenye majina na kila mmoja ni binti wa nani. Karatasi ile imewasaidia wengi wasiache njiani.

Mimi mwenyewe Notre-Dame du Nil naiona kubwa zaidi. Nimeisoma mara nne na kila mara mvua yake ni mpya. Lakini nikihesabu vitabu vilivyorudi vikiwa vimesomwa hadi mwisho, Petit Pays inashinda kwa mbali.

Johnny chien méchant na Allah n'est pas obligé

Narudi sasa kwenye kosa langu. Johnny chien méchant, ya mwaka 2002, inaanza moja kwa moja na tangazo la saa 48 za uporaji. Hakuna uani wa kuzunguka. Laokolé anamweka mama yake, aliyevunjika miguu, ndani ya toroli, anamchukua mdogo wake Fofo, na wanaondoka. Sura inayofuata anasimulia Johnny, mwanamgambo wa umri uleule, anayepora mitaa ileile. Wanapokezana hivyo mpaka mwisho: tukio moja, midomo miwili. Dongala alikuwa Brazzaville vita vya 1997 vilipomfukuza, na msomaji wa kwetu anaona mara moja kwamba haya hayakutungwa kwa kusikia redioni.

Yeyote aliyewaona watu wa Goma wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zenye magodoro na bibi zao juu hahitaji kuelezwa toroli lile. Ndiyo sababu kitabu hiki ni kizuri na ndiyo sababu kilimshinda mpwa wangu. Kilikuwa karibu mno, na mapema mno. Hata hivyo sijakiondoa rafuni, kwa sababu ya Laokolé. Baba yake alikuwa fundi mwashi na alimfundisha kazi. Katikati ya risasi bado anaangalia jengo na kufikiria lilijengwaje, bado anataka kuwa mhandisi. Baba amekufa lakini ufundi wake uko mikononi mwa binti. Sijaona riwaya nyingine inayosema hivyo juu ya kufiwa na baba bila kutumia neno moja la faraja. Ningesubiri mwaka mmoja, ningempa mpwa wangu.

Allah n'est pas obligé ya Ahmadou Kourouma, ya mwaka 2000, nayo ni ya vita na watoto: Birahima, wa miaka kumi au kumi na miwili, hajui vizuri, anakwenda kumtafuta shangazi yake na anaishia kuwa askari mtoto Liberia na Sierra Leone. Lakini hewa yake iko kwenye mdomo kuliko mahali. Birahima ana kamusi nne na anasimama kila mara kueleza maneno, ya Kifaransa kwa Waafrika na ya Kiafrika kwa Wafaransa, akitukana katikati. Wavulana wa miaka 17 wanaosema hawapendi kusoma wanakisoma hiki. Kicheko kinawabeba mpaka mahali ambapo bila kicheko wasingefika.

Na kuna jambo la matanga ndani yake. Askari mtoto mwenzake anapokufa, Birahima mara nyingine anasimamisha hadithi na kueleza maisha ya marehemu, alitoka wapi, aliingiaje vitani. Ni kama kwetu mzee anaposimama mbele ya watu kabla ya mazishi na kusimulia historia ya aliyelala ndani. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye rafiki yake alichukuliwa na wenye silaha na hakurudi, aliandika ukurasa kama ule kwa ajili ya rafiki yake, akaniletea. Sikuusahihisha.

Kati ya hizo mbili, hewa bora ni ya Dongala: jiji linaloungua unalitembea kwa miguu, mtaa kwa mtaa. Anayetaka sauti atafute Kourouma. Zote mbili, si chini ya miaka 16, na si mwaka wa kwanza wa msiba.

Siku Njema na Rosa Mistika

Nilichelewa kufikiria vitabu vya Kiswahili, nami najilaumu, maana shuleni kwetu Kifaransa ndicho lugha ya pointi. Kijana akisoma huzuni kwa Kifaransa, sehemu ya kichwa chake inangoja swali la mwalimu. Lakini matanga tunakaa kwa Kiswahili, au kwa Mashi na Kirega, na kilio hakina mtihani. Nakala zangu mbili aliniletea mama mmoja anayekwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inaanzia Tanga. Kongowea ni mtoto wa mwimbaji wa taarab. Mama anakufa, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa wanaomtesa, mwishowe anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Pwani ile, nyimbo za mama, aibu ya kuitwa mtoto asiye na baba, vinakushika tangu mwanzo. Kasoro yake ni kwamba bahati inamsaidia Kongowea mara nyingi mno, na anayekutana naye njiani mara nyingi ndiye hasa aliyemhitaji. Msomaji mkali atalisema hilo. Msomaji aliyefiwa hajali. Kiswahili chake ni cha juu, kimejaa methali, na watoto wa Bukavu watakwama kwenye maneno kadhaa kila ukurasa, lakini wanaendelea.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni kitabu cha Ukerewe, kisiwa cha ziwa Viktoria, na anayeishi kisiwani Idjwi, kwenye ziwa Kivu, au hapa ataitambua hewa yake. Hapo baba yuko hai. Zakaria ni mlevi, mkali, na ukali wake kwa Rosa unamfanya binti atoke nyumbani bila kujua kitu chochote cha dunia. Kwanza kilikatazwa mashuleni Tanzania kwa jinsi kilivyosema wazi, baadaye wanafunzi wakakisoma. Naona kinamfaa msichana ambaye msiba wake haukupigiwa matanga, yule mwenye baba aliyepo mezani na asiyekuwepo. Lakini lazima niseme wazi: Rosa anajitoa uhai. Usimpe kijana aliyekata tamaa. Mwenye nguvu mpe, na ukae naye mzungumze baada ya sura za mwisho. Mimi nakisoma pamoja na wasichana wanne kwa sauti, Jumamosi, sura moja moja, na hakuna anayekipeleka nyumbani.

Nikilinganisha kwa uandishi, Kezilahabi yuko mbele sana. Nikilinganisha kwa kazi niliyoikusudia, Siku Njema ndiyo inayotoka mara nyingi zaidi.

Mbili nyingine, kwa haraka

Kama unaniandikia kutoka Lubumbashi, unayo La Danse du Vilain ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa huko, ya mwaka 2020: Sanza anaacha nyumba na kuingia barabarani na wenzake wanaonusa gundi, wengine wanavuka hadi migodi ya almasi ya Angola. Inacheza, inarukaruka, haifuati mstari, na mtu asiyezoea kusoma atachoka. Ni ya miaka 18 na zaidi. Aliyemaliza Petit Pays akataka kuendelea na Faye, kuna Jacaranda ya mwaka 2024, iliyopewa Renaudot mwaka huohuo. Hapo mtoto amekulia Versailles na anakuja Rwanda kujifunza kile ambacho mama yake hakukisema. Inakwenda polepole zaidi, na inawafaa wale ambao nyumbani kwao wakubwa hawazungumzi.

Bei sitaji, kwa sababu vitabu vya Kifaransa hapa mjini vinapatikana kwa bahati, mara nyingi ni mitumba, mara nyingine nakala iliyopigwa fotokopi na kurasa zimepinduliwa. Kabla ya kulipa, hesabu kurasa. Mimi niliuziwa Petit Pays isiyo na sura mbili za mwisho, na msomaji wa kwanza alirudi akidhani mwandishi ndivyo alivyomaliza. Anayesomea kwenye simu naye afikirie umeme: riwaya inayokatika mahali pabaya kwa sababu betri imekwisha inamwacha mtoto na usiku mzima wa kuwaza.

Mpwa wangu alisoma Petit Pays kwanza, halafu Siku Njema, ambayo aliisoma mara mbili. Wiki iliyopita alikuja mvua ikinyesha, akavua viatu vyenye matope mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi pale rafuni nilipokirudisha kile cha kwanza. Akakitoa, akasoma nyuma ya jalada, akakiweka mfukoni mwa koti. "Yule msichana wa toroli," akasema, "nilimwacha njiani." Nilimwomba anitumie ujumbe akifika mahali ambapo Laokolé anakumbuka baba yake. Bado sijapata ujumbe huo.